Kufuga kome wa maji baridi kwenye akuaponiki ya nyumbani Mombasa: mwongozo kamili

Ujumbe ninaoupata mara kwa mara una sura moja. "Nilitia kome sita. Maji yakawa safi, unaona mpaka chini. Mwezi wa tatu wakaanza kufa mmoja mmoja, na sasa samaki nao wanakwenda. Nimekosea wapi?"

Jibu limo ndani ya swali: maji safi, unaona mpaka chini. Kome hula vitu vidogo vinavyoelea majini. Maji yakimetameta, sahani yake iko tupu. Na kwa kuwa anaweza kustahimili njaa kwa miezi, humsikii akilia wala humwoni akikonda. Unakuja kujua kwa harufu.

Basi tukubaliane mapema: kome ni mfugo wa kulishwa, kama kuku, hata kama ulimtia kwa ajili ya kusafisha maji. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo, pamoja na mambo mawili ya mji wetu, yaani chumvi na joto.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye samaki na mboga zake tayari zinaendelea kwenye akuaponiki, yaani mfumo ambamo maji ya samaki huzungushwa kulisha mboga, kisha hurudi kwa samaki. Kama mfumo wako una chini ya miezi miwili, ngoja kwanza.

## Anachofanya kome na asichofanya

Huvuta maji kwa tundu moja na kuyatoa kwa jingine. Katikati hukamata mwani, bakteria na chembechembe laini. Asichokitaka hukifunga kwa ute na kukidondosha mchangani.

Hali vinyesi vya samaki vilivyo mabonge. Haondoi amonia, ile sumu inayotokana na taka za samaki; yeye mwenyewe huitoa. Kwa hiyo hachukui nafasi ya kitanda chako cha kokoto, ambamo mboga huota na bakteria huivunja amonia hiyo. Anayekuuzia kome kwa ahadi kwamba hutasafisha tena tangi, mwache apite.

## Vitu vya kuandaa

- Kipimo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kile kidogo cha kalamu. Hiki kwa Mombasa ni cha lazima.
- Vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati (hizi mbili hutokana na amonia), na pH, yaani kiwango cha asidi cha maji: kikishuka, asidi imezidi. Vile vya karatasi havikuonyeshi amonia kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachoua.
- Kipimajoto cha maji.
- Beseni la plastiki la pembe nne, kama sentimita 60 kwa 40, lenye kina cha 30 au zaidi. Pipa la bluu lililokatwa nusu pia linafaa, mradi lilibeba chakula na si dawa.
- Mchanga wa mto, lita 24 hivi, yaani ndoo moja kubwa na kidogo.
- Paipu na koki za plastiki tupu. Shaba isiwepo hata kidogo.
- Pampu ya hewa na jiwe lake, pamoja na nyingine ndogo ya betri.
- Ndoo tatu nyeupe za lita 20, na kipande cha chandarua cha kuzifunika.
- Neti ya kivuli au makuti.
- Vikombe viwili vya vipande vya matumbawe ndani ya kifuko cha wavu.
- Mizani ya jikoni, mswaki mzee, na rangi ya kucha. Usicheke, utaona kazi yake.

## Hatua ya 1: Yajue maji yako

Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya Sabaki, na Marere na Tiwi upande wa Kwale. Hayo ni maji baridi halisi, na kome huyaweza. Tatizo ni kwamba hayaji kila siku. Yakikatika, tunaingia kisimani au tunamwita kijana wa mkokoteni.

Visima vingi vya mjini vina chumvi. Sisi tumeyazoea; tunaogea na kufulia, sabuni ikikataa kutoka povu tunaongeza. Kome hawezi kuzoea. Ngege (tilapia) huvumilia chumvi kiasi cha kukudanganya kwamba maji ni sawa, kwa sababu utamwona anacheza huku kome wa chini yake amejifunga wiki nzima.

Chovya kipimo cha TDS kwenye kila maji yanayoingia nyumbani, na uandike. Kanuni yangu: maji mapya yakisoma zaidi ya 500, hayaingii kwenye mfumo wenye kome. Pima pia kila mtungi wa mkokoteni. Nimeshapokea mitungi kumi kutoka mkokoteni mmoja, saba ikasoma chini ya 300 na mitatu ikapita 1,400. Mwenye mkokoteni alikuwa amejazia njiani baada ya foleni kuwa ndefu. Sikumlaumu sana, lakini mitatu ile ilikwenda chooni.

Maji ya mvua ni mazuri kwa kupunguza chumvi, ila tahadhari mbili. Mwaga mvua ya kwanza inayosafisha vumbi la paa. Na mabati mapya huacha zinki, ambayo ni sumu kwa kome; kama paa lako bado linang'aa, tumia maji hayo kwa mambo mengine. Mvua pia haina kalisi, na gamba la kome limejengwa kwa kalisi, kwa hiyo changanya na maji ya mfereji.

Klorini: weka maji ya mfereji kwenye chombo wazi, washa pampu ya hewa, yaache saa 24 hadi 48. Kome akikutana na klorini hujifunga na kusubiri. Anaweza kukaa amefunga siku kadhaa, ukadhani amepumzika.

Umefaulu ikiwa una chanzo kimoja cha maji unachokiamini na akiba ya lita 100 iliyokwisha kutulia, kwa ajili ya dharura.

## Hatua ya 2: Kagua mfumo ulio nao

Amonia. Mwaka 2013 Marekani ilikaza viwango vyake vya amonia kwa maji baridi, na sababu kubwa ilikuwa kome na konokono, kwa kuwa wanaumia kabla ya samaki wengi. Kiwango cha muda mrefu kikawekwa miligramu 1.9 kwa lita, lakini hicho ni kwa maji ya nyuzi 20 na pH 7. Sisi maji yetu ni nyuzi 28. Joto na pH vikipanda, sehemu yenye sumu ya amonia hupanda navyo: kwenye nyuzi 28, ukitoka pH 7 hadi 8 sumu hiyo huongezeka karibu mara tisa. Kwa hiyo lengo lako ni sifuri. Ukisoma 0.25, simamisha mpango na utafute chanzo.

Kokoto. Hapa ndipo watu wa Pwani tunapojikwaa. Mawe yaliyo karibu nasi ni ya matumbawe, na ukijaza kitanda kizima kwa mawe hayo, pH itakaa 8 na kuendelea mpaka mawe yaishe, yaani haishuki maisha yako yote. Chukua kokoto tano kutoka kitandani, zikaushe, kamulia ndimu. Ukiona povu linatoka, ni matumbawe. Moja moja si neno. Zote tano zikitoa povu, badilisha na kokoto nyeusi kabla ya kununua kome.

Upande wa pili, mfumo wa akuaponiki hushusha pH wenyewe kadiri bakteria wanavyofanya kazi. Ikishuka chini ya 7 kwa muda mrefu, gamba huanza kulika karibu na bawaba, na kuacha madoa meupe kama chaki. Ndiyo maana tunatundika kile kifuko kidogo cha matumbawe kwenye njia ya maji: pH ikiwa 7.0 kitie, ikifika 7.6 kitoe.

Shaba. Kagua kila koki na kiungio. Shaba nyekundu au ya njano, toa. Dawa za kuua mwani na nyingi za kuua ukungu wa mboga zina shaba, usipulizie karibu.

Potasiamu. Hili nakuomba usome mara mbili, kwa sababu halisemwi. Wakulima wa akuaponiki huongeza potasiamu ili nyanya na pilipili zizae, na samaki haiwadhuru. Kome huwaua. Mwaka 2006 huko Virginia, Marekani, machimbo yaliyojaa maji ya Millbrook yalitokomezwa kome vamizi kwa kumiminiwa kloridi ya potasiamu. Lengo lilikuwa miligramu 100 tu kwa lita. Kome wakafa, samaki wakabaki. Kwa kome wengine hata theluthi ya kiasi hicho ni hatari.

Na potasiamu haiji kwenye chupa peke yake. Majivu ya kuni yamejaa potasiamu, na ni wangapi kati yetu tumetia majivu ili kupandisha pH? Mimi nilitia. Vikombe viwili, jioni, kwa nia njema. Baada ya siku nne kome wangu watano kati ya wanane walikuwa wazi, wamekufa.

Ukitaka kome, panda majani: mchicha, sukuma wiki, mnavu, rehani. Nyanya zipande kwenye ndoo za udongo pembeni na uzirutubishe huko huko.

Umefaulu ikiwa kwa wiki mbili mfululizo amonia na nitriti ni sifuri, pH iko kati ya 7.0 na 7.6, na hakuna shaba wala majivu.

## Hatua ya 3: Tengeneza beseni la kome

Usimtie kome kwenye tangi la samaki. Ngege wakubwa humdonoa kila anapofungua, naye akishazoea kudonolewa hafungui, na asipofungua hali. Usimtie kwenye kitanda cha kokoto pia. Hawezi kuchimba humo, na maji yanayopanda na kushuka humwacha mkavu.

Njia iliyonifaa ni beseni la pembeni:

1. Liweke mahali pa kivuli cha siku nzima, juu kidogo ya tangi la chini, lile linalopokea maji kabla ya pampu kuyarudisha kwa samaki.
2. Toa mkondo mdogo kutoka tangi la samaki, baada ya mahali uchafu mzito unapotuama na kabla ya kitanda cha kokoto. Maji yaliyokwisha kupita kitandani yamechujwa chakula.
3. Weka koki ya plastiki kwenye mkondo huo. Lita moja kwa dakika inatosha, mchanga usitikisike.
4. Toboa njia ya kutokea sentimita 25 kutoka chini, uifunike kwa wavu, maji yarudi tangi la chini. Kimo cha tundu hilo ndicho kimo cha maji, kwa hiyo hata pampu ikizima beseni halikauki.
5. Osha mchanga mpaka maji ya kuoshea yatoke meupe, kisha tandaza sentimita 10. Usitumie mchanga wa ufukweni, hata uuoshe mara ishirini: ni vipande vya matumbawe na makombe, na chumvi imo.
6. Weka jiwe la hewa kwenye kona moja.

Mchanga unahitajika kwa sababu kome hujipanda wima, nusu ndani, huku matundu yake yakiangalia juu. Akikosa pa kuchimba hutangatanga usiku na mchana, akitumia nguvu asizokuwa nazo.

Ikiwa beseni linakwenda juu ya paa la nyumba, kumbuka lita 1,000 za maji ni tani moja. Muulize fundi kwanza.

Umefaulu ikiwa umezima pampu kuu usiku mmoja na asubuhi beseni bado limejaa.

## Hatua ya 4: Otesha chakula kabla ya mlaji

Anza wiki mbili kabla ya kome kufika. Wengi hufanya kinyume, na hapo ndipo miezi mitatu ya njaa inapoanzia.

Chota maji ya tangi la samaki, jaza ndoo tatu nyeupe robo tatu, ziweke palipo na jua la asubuhi. Mchana mkali wa Mombasa huzipika, kwa hiyo zipate kivuli kuanzia saa sita. Koroga asubuhi na jioni. Baada ya siku tano hadi nane maji yanakuwa kijani, kwanza kama maji ya mchaichai, baadaye kama mchuzi wa mchicha.

Zipe zamu. Leo chota nusu ya ndoo ya kwanza na uijazie maji ya samaki, kesho ya pili, keshokutwa ya tatu.

Tahadhari: funika kila ndoo kwa chandarua na uifunge kwa mpira pembeni pote. Ndoo ya maji yaliyotulia ndiyo nyumba ya mbu wa denge, na Mombasa tumeshapitia milipuko yake. Ukiona viluwiluwi vya mbu vikichezacheza, mwaga ndoo kwenye mgomba na uanze upya.

Mwaga pia ndoo ikifanya utando wa kijani-bluu juu kama rangi iliyomwagika, au ikinuka. Huo si mwani wa kulisha. Aina nyingine zina sumu.

Hamira je? Unga? Maziwa? Nimeulizwa yote. Hamira huchafua maji kuliko inavyolisha. Unga na maziwa ni amonia ya kesho. Unga wa spirulina (aina ya mwani uliokaushwa), ncha ya kijiko iliyokorogwa vizuri kwenye kikombe cha maji, ni sawa kwa dharura.

Umefaulu ikiwa ukichovya kijiko cheupe kwenye ndoo, kinapotea machoni kabla ya kufika chini ya ndoo.

## Hatua ya 5: Tafuta, chagua, safirisha

Kwanza la kuondoa: kome, chaza na kombe wa mikokoni au wa ufukweni ni viumbe vya maji ya chumvi. Kila mwaka kuna anayewanunua wakiwa hai pale wavuvi wanaposhusha, akawatia kwenye maji baridi. Hawamalizi wiki.

Ulizia kwa wafugaji wa samaki wenye mabwawa ya udongo. Kuchota kwenye mito na maziwa ni jambo linaloangukia chini ya sheria ya uvuvi ya 2016, kwa hiyo pitia ofisi ya uvuvi ya kaunti kabla. Usilete kome wa Ziwa Victoria kuja kuwafuga Pwani, na usimwachilie kome yeyote mtoni. Kuhamisha viumbe kutoka bonde moja hadi jingine ni kuhamisha magonjwa na wavamizi.

Ukiingia bwawani mwenyewe kule Kwale, Kilifi au Tana River, vaa gambuti na glovu. Kichocho kipo maeneo hayo, na konokono wanaokibeba huishi kwenye maji hayo hayo unayotaka kupapasa.

Kuchagua:

- Aliye mzima ukimgusa hufunga, na anabaki amefunga ukijaribu kumpanua taratibu kwa kidole.
- Aliyeachama na hafungi ameshakufa, hata kama hanuki bado.
- Mzito kupita kiasi na anayetoa sauti butu mara nyingi ni makombe mawili yaliyojaa matope. Nimewahi kulipia mawili ya namna hiyo.
- Chukua wa ukubwa wa kati. Wakubwa sana ni wazee, nao hawapendi kuhama.

Anza na wanne. Baadaye usipite kome mmoja kwa kila lita 50 za mfumo mzima.

Safari: usiwabebe ndani ya ndoo ya maji. Maji yakichemka kwenye buti la gari yanaishiwa hewa. Wafunge kwa gunia au taulo iliyolowa, ndani ya boksi la baridi lenye chupa moja ya maji ya baridi iliyozungushiwa kitambaa. Wakiwa na unyevu na kivuli, huvumilia saa nyingi nje ya maji.

## Hatua ya 6: Karantini na kuwazoesha

Waoshe mmoja mmoja kwa mswaki chini ya maji yasiyo na klorini, huku umevaa glovu. Ondoa konokono wadogo, majani, na vijidonge vya ute unaong'aa kama uji wa tapioka. Hayo ni mayai ya konokono. Usiyamwage mtaroni. Yaanike juani yakauke kabisa.

Watie kwenye beseni la karantini lenye mchanga kidogo na hewa. Tumia mpira mwembamba wenye fundo, udondoshe maji ya mfumo wako tone kwa tone kwa saa mbili. Joto likipishana zaidi ya nyuzi 3, ongeza muda.

Karantini ni wiki tatu, na badilisha theluthi moja ya maji kila siku ya pili. Lisha kama ilivyo hatua ya 7. Wiki tatu ni nyingi, najua. Lakini kome anayekufa karantini anakugharimu kome mmoja, na anayefia ndani ya mfumo anaweza kukugharimu samaki wote.

Sasa rangi ya kucha. Kausha mgongo wa gamba, andika namba, subiri ikauke dakika kumi. Mpime uzito, uandike: namba 1, gramu kadhaa, tarehe. Kisha mlaze ubavu juu ya mchanga wa beseni lake. Usimpande wewe, hujui upande upi ni wa juu.

Umefaulu ikiwa ndani ya siku mbili amejichimbia mwenyewe, na ukisogea polepole unaona matundu mawili yamefunguka, moja lenye nywelenywele. Kivuli chako kikimwangukia, anafunga.

## Hatua ya 7: Kulisha

Kila siku, jioni jua likishuka:

1. Funga koki ya mkondo unaoingia. Ukiacha wazi, chakula chote kitakimbilia kitanda cha kokoto, utakuwa unalisha mawe.
2. Acha hewa iendelee.
3. Mimina maji ya kijani taratibu mpaka beseni lipate rangi ya chai ya mchaichai. Kwa kome wanne kwenye beseni la ukubwa huu, mimi huanza na lita mbili.
4. Subiri saa tatu au nne, kisha fungua koki.

Tazama rangi kabla ya kufungua. Ikiwa imepauka wazi, wanakula. Kesho ongeza nusu lita. Ikiwa haijabadilika kabisa siku mbili mfululizo, kuna jambo: ama wamejifunga kwa sababu ya maji, ama mwani wako ni wa aina wasiyoitaka. Usiongeze chakula juu ya chakula. Pima maji.

Ili ujue kwamba ni wao wanaosafisha na si kwamba mwani unatuama tu, weka kikombe cha kioo chenye maji yale yale ya kijani pembeni ya beseni. Beseni likipauka na kikombe kikabaki kijani, shukuru.

Mara moja kwa wiki utaona vijidonge vya ute juu ya mchanga. Vinyonye kwa mpira na uvimwage kitandani kwa nyungunyungu.

## Hatua ya 8: Ukaguzi

Kila asubuhi: hesabu. Wanne jana, wanne leo. Asiyeonekana mtafute kwa vidole mchangani mpaka umpate. Hapa ndipo nilipopata somo langu la gharama. Asubuhi moja nilikuta ngege wamepanga midomo juu ya maji kama watoto wanaongoja uji, na harufu nzito ya yai bovu. Nilipapasa mchanga wa tangi (enzi hizo nilikuwa nawaweka humo humo na samaki) nikamtoa mmoja aliyekufa siku kadhaa. Bawaba bado imeshika, ndani ni uji wa kijivu. Amonia ilikuwa 4. Jioni nilizika ngege kumi na mmoja.

Kila wiki: amonia, nitriti, pH, TDS.

Kila mwezi: wapime uzito. Gamba halipungui, kwa hiyo akipoteza hata gramu chache ujue nyama ndiyo inayokwisha. Miezi miwili ya kushuka mfululizo ni njaa, nawe bado una muda wa kumwokoa kwa kuongeza maji ya kijani. Bila mizani huwezi kuliona hili. Tazama pia ukingo wa gamba: mstari mpya mwembamba, wa rangi hafifu, ni ukuaji.

Usingoje watoto. Kwa aina nyingi watoto wachanga wa kome hujishikiza kwanza kwenye mapezi na mashavu ya samaki kabla ya kuanza maisha yao, na samaki wako huenda si wale wanaowataka.

Wala usiwale. Kome hukusanya mwilini vijidudu na metali vilivyomo kwenye maji, hivyo anaweza kuwa na vingi kuliko maji yenyewe.

## Hatua ya 9: Kaskazi, na stima ikipotea

Anza ufugaji wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, maji yakiwa na ubaridi. Anayeanza Februari anaanzia mlimani.

Kaskazi, hasa Februari na Machi, tangi jeusi lililo juani hupita nyuzi 32 mchana. Maji ya moto hushika hewa kidogo, kome hupumua haraka, na amonia huwa kali zaidi, vyote kwa mara moja. Funika matangi yote kwa neti au makuti, si beseni la kome tu, kwa sababu maji ni yale yale yanayozunguka. Likifika nyuzi 30, elea chupa mbili za maji yaliyogandishwa ndani ya beseni na usilishe siku hiyo. Usiwahi kumwaga barafu moja kwa moja. Barafu ya kununua hujui imetengenezwa kwa maji gani.

Stima ikipotea, washa pampu ya betri kwenye tangi la samaki kwanza. Kome hufunga na kusubiri, samaki hawawezi. Ikipita saa sita, hamishia hewa kwa kome dakika kumi kila saa. Stima ikirudi, usifungue koki mara moja: acha maji yazunguke nusu saa kati ya samaki na kitanda, pima amonia, ndipo uwafungulie.

## Akifa mmoja

Mtoe papo hapo, umzike mbali na mbwa na paka. Badilisha theluthi moja ya maji kwa ile akiba ya lita 100 na mengineyo yaliyotulia. Acha kulisha kome na samaki siku mbili. Pima amonia asubuhi na jioni.

Kisha soma daftari lako kurudi nyuma wiki mbili: maji yapi yaliingia, nani alipulizia mboga, uzito wake mwezi uliopita ulikuwa ngapi. Usilete mwingine mpaka usome sifuri siku kumi mfululizo, na mpaka wale watatu waliobaki wawe wanafungua matundu yao kila jioni unapomimina maji ya kijani.